Nani Alikuwa Anasukuma?

Miaka miwili iliyopita niliandika makala gazetini kuhusu Peugeot 504 ya marehemu baba. Watu waliipenda. Kuna mzee mmoja, dereva mstaafu wa serikali, alinitafuta hadi akanipata ili tu anisimulie habari za 404 aliyoendesha ujanani. Nilikuwa nimeandika yote ambayo watu wa aina yangu huandika: harufu ya viti, gia ya kwenye usukani, mlio wa injini alfajiri, baba akifuta kioo kwa kipande cha kanga kuukuu. Nikamalizia kwa kulalamika kwamba magari ya siku hizi hayana roho.

Mama aliisoma akiwa Tanga. Jioni akanipigia.

"Mwanangu, umeandika vizuri. Baba yenu angefurahi. Ila hukusema nani alikuwa anasukuma."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alikuwa anazungumzia siku moja ya mwaka 1996, tukirudi Tanga mjini kutoka harusini Muheza. Stata ilikuwa imekufa, wiki ya tatu sasa, na hela ya kununua nyingine haijapatikana. Baba alikuwa mwalimu wa sekondari, na kwa majuma yale matatu alikuwa anaegesha penye mteremko tu. Pale harusini mteremko ulikuwa umewahiwa na wengine, kwa hiyo gari ikabidi lisukumwe. Waliosukuma ni mama, shangazi zangu wawili, na kijana mmoja aliyekuwa anajipitia na baiskeli yake. Baba alikaa kwenye usukani kwa sababu ndiye aliyejua wakati wa kuachia klachi. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nimepiga magoti, natazama kupitia kioo cha nyuma. Gari likashtuka, likawaka, likaondoka. Na kwa kuwa likizima ndiyo basi tena, baba hakusimama. Alipunguza mwendo tu, milango wazi, wanawake wakikimbia nyuma yake ili wajirushe ndani. Mama alikuwa wa mwisho, viatu vyekundu mkononi.

Kwenye makala yangu safari hiyo ilipata sentensi moja: kwamba tulicheka njia nzima. Ni kweli nilicheka. Kama mama alicheka, sikumbuki.

Tangu siku ile ya simu nimekuwa nasoma maandishi ya wapenda magari ya zamani kwa jicho jingine, yangu yakiwa ya kwanza. Ni tanzu kamili, ina kanuni zake. Lazima kuwe na baba au babu. Lazima kuwe na harufu. Lazima gari jipya lilinganishwe na simu au friji. Na lazima, karibu na mwisho, mwandishi aseme kwamba zamani mtu na mashine walielewana. Swali la mama ni kipimo kizuri cha tanzu hii kuliko vingi nilivyofundishwa chuoni. Ukisoma sifa za gari la zamani, uliza: humu ndani, nani anasukuma?

Tuanze na vitabu vikubwa, maana ndiko sisi wengine tunakoazima mawazo hata kama hatujui. Mwaka 1974 Mmarekani Robert Pirsig alitoa Zen and the Art of Motorcycle Maintenance. Ni habari ya pikipiki, si ya gari, lakini mapenzi haya yote ya chuma cha zamani yamekunywa kwenye kisima kile. Msimulizi anasafiri na mwanawe Chris, kutoka Minnesota hadi California. Kwa sehemu ya njia wapo na rafiki yake John, ambaye ana BMW ya gharama na hataki kabisa kujua inavyofanya kazi. Usukani wa pikipiki ya John unalegea. Msimulizi anamwambia tatizo dogo tu, tukate kipande cha bati la kopo la bia tukachomeke pale, litabana. John anaudhika. BMW yake, na kopo la bia! Katika tukio hilo moja Pirsig anagawa watu wawili: anayeiona mashine kama jambo la kueleweka, na anayeiona kama kitu kizuri kilichonunuliwa ambacho kikiharibika ni kosa la mtu mwingine.

Miaka 35 baadaye, mwaka 2009, Matthew Crawford akalileta wazo hilo kwenye gereji. Crawford ana shahada ya uzamivu ya falsafa ya siasa, akaacha kazi ya ofisini, akafungua karakana ya pikipiki kule Virginia. Katika Shop Class as Soulcraft analalamikia boneti za magari mapya: ukifunua, unakuta kifuniko kingine. Anataja Mercedes ambazo hazina hata kile kijiti cha kupimia oili. Gari limeamua kwamba wewe mwenye gari hupaswi kujua kiasi cha oili kilichomo ndani yake. Ukitakiwa kujua, litakwambia.

Hapa, kusema kweli, nakubaliana nao. Pijo ya baba ilikuwa gari linalosomeka. Ukifunua boneti unaona kabureta, unaona waya wa kila plagi unatoka wapi unaenda wapi, na kati ya injini na bodi unaona ardhi. Gari likikohoa, baba alisikiliza. Mlio wa plagi moja kutochoma si sawa na mlio wa mafuta kuwa machache. Alinifundisha kuusikia kabla sijajua kuendesha. Mtu aliyezoea kusoma mashairi ataelewa ninachosema: kuna raha ya pekee katika kukutana na kitu kigumu, kukisikiliza, na hatimaye kujua kilichokuwa kinasema.

Sasa mimi naendesha Toyota IST ya mwaka 2004. Mwaka jana taa ya injini iliwaka, ile ya njano. Nikaenda gereji moja jijini Dar es Salaam. Fundi hakufunua hata boneti, alichomeka kimashine chini ya usukani, akasoma namba, akasema, "Kaka, sensa ya oksijeni imekufa." Tukanunua sensa. Baada ya siku nne taa ikawaka. Tukanunua sensa ya pili, halafu plagi, halafu koili. Hela ikaenda. Mwisho mjomba wangu, ambaye alijifunza ufundi kwenye Land Rover, akainama, akasikiliza injini ikiwa inanguruma taratibu, akapitisha kidole kwenye mpira mmoja mwembamba wa hewa. Ulikuwa na ufa. Mpira wa bei ya sahani ya chipsi mayai.

Unaweza kusema hadithi hiyo inawapa ushindi watu wa zamani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuiandika hivyo kichwani. Lakini iangalie tena. Kimashine hakikudanganya: kilisema tu kwamba hewa na mafuta haviwiani. Aliyeshindwa ni msomaji, aliyeichukua namba akaifanya jibu wakati ilikuwa swali. Na mjomba hakulishinda gari la kisasa kwa kulichukia, alilisoma. Tena tundu lile la kuchomekea ni moja ya mambo yaliyofungua magari kuliko kuyafunga. Marekani iliamuru kwamba magari yote madogo mapya kuanzia toleo la mwaka 1996 yawe na tundu la aina moja, na leo kifaa cha kusomea kinauzwa kwa bei ya kawaida, unakiunganisha na simu yako. Panapofungwa kweli ni kwenye uamuzi wa kampuni kuhusu nani aruhusiwe kupata taarifa za gari lako. Ndiyo maana wapiga kura wa jimbo la Massachusetts waliliamua jambo hilo kwa kura mara mbili, mwaka 2012 na 2020, wakitaka mafundi wa mtaani wapate taarifa zilezile wanazopata mawakala. Vita hivyo ni vya siasa, na huvipigani kwa kununua gari la mwaka 1975.

Halafu kuna jambo ambalo tanzu yetu hulisahau kila mara: kila gari la zamani liliwahi kuwa la kisasa. Mwaka 1957, katika Mythologies, Roland Barthes aliandika insha kuhusu Citroën DS, gari lililozinduliwa Paris mwaka 1955, na akaliandika kama kitu kilichoshuka kutoka kesho. Lilikuwa na mfumo wa mafuta na gesi badala ya springi za kawaida. Kwa fundi wa kijijini Ufaransa, DS ndiyo ilikuwa gari lililofungwa, lisilogusika. Leo DS inapewa nafasi ya mbele kwenye maonyesho ya magari ya kale, na wenye nayo wanasema wanapenda urahisi wa zamani. Hata 504 yetu, ilipotoka mwaka 1968, ilikuja na breki za diski magurudumu yote manne na ikachaguliwa gari la mwaka la Ulaya kwa 1969. Aliyekuwa na Land Rover wakati huo bila shaka aliiona kuwa laini mno.

Tuje kwenye chuma. Huku kwetu utetezi wa gari la zamani unaanza na neno hilo: "Lile lilikuwa chuma bwana, haya ya sasa makopo." Nami nimelisema. Mwaka 2009 taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari kwa niaba ya kampuni za bima, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, uso kwa uso, upande wa dereva, kila moja kwa kilomita 64 kwa saa. Video ipo, itafute. Bel Air ni kubwa, ni nzito, ni nzuri ajabu. Inakunjika hadi kwa dereva. Kwa vipimo vya yule mwanasesere aliyekaa ndani, dereva wa Bel Air angekufa, na wa Malibu angeumia mguu. Kopo limetengenezwa likunjike mbele ili mtu asikunjwe. Chuma cha zamani kilibaki kizima kwenye ajali ndogo, na kwenye ajali kubwa kikaupeleka mgongano kwa binadamu.

Na ile harufu niliyoisifu? Petroli ya utoto wangu ilikuwa na madini ya risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Niliikumbuka harufu ile kama uvumba, na sumu iliyokuwa imo ndani yake sikuitaja. Hapo mwandishi hajadanganya kwa kusema uongo. Amechagua tu cha kukumbuka.

Kosa la tatu ni la kuazima mjadala mzima kutoka kwa wenyewe bila kuupima. Uingereza gari likifikisha miaka 40 linasamehewa kodi ya barabara; dola yenyewe inalichukulia kama urithi. Mwingereza anayeandika kwamba anapenda gari la zamani, mara nyingi analo jingine la kumpeleka kazini Jumatatu. La zamani ni la Jumapili, hali ya hewa ikiwa nzuri. Huku kwetu mpaka kati ya zamani na sasa hauko hapo kabisa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika zaidi ya miaka minane. Uganda mwaka 2018 ilipitisha sheria ya kuzuia yaliyozidi miaka 15. Tanzania unaingiza, ila unalipia uzee wake kwenye ushuru. Gari "jipya" la mtaani kwetu ni lile ambalo Mjapani amelichoka. IST yangu, ambayo jirani aliniambia hongera kwa kuvuta chombo, ilikuwa imeshaendeshwa miaka kumi na kitu Japani kabla haijaiona bandari ya Dar es Salaam. Sisi tunapima umri wa gari kwa herufi ya namba: huyu bado ana A, yule ana D, sasa watu wako E. Kwa hiyo ninapoandika kwa Kiswahili kwamba naona bora gari la zamani kuliko la kisasa, bila kueleza zamani ya nani na kisasa cha nani, nimetafsiri hisia za mtu mwingine tu.

Raha yenyewe ipo, nisiikatae. Nani wa huku asiyejua habari za Safari Rally? Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Mwaka 1975 Ove Andersson akashinda kwa 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas kwa 504 ya milango miwili. Baba aliyataja majina haya kama watu wengine wanavyotaja washambuliaji wa mpira. Tangu 2003 kuna mashindano ya magari ya kale yanayopita njia za Safari, na kuyaona yakiruka vumbini ni burudani ambayo hakuna IST itanipa. Lakini nyuma ya kila gari pale kuna gari la mafundi, spea na matairi. Wasukumaji wapo, tofauti ni kwamba wanalipwa, na picha zinapopigwa mara chache wanakuwemo.

Basi je, Pirsig naye tumtupe? Nilikirudia kitabu chake baada ya maneno ya mama, nikidhani nitamkuta na hatia ileile. Nikakuta kitu nilichokuwa nimekipita nilipokisoma nikiwa mwanafunzi. Safari nzima Chris, mtoto, yuko nyuma ya baba. Baba anafikiri, anasikiliza injini, anajadiliana na wanafalsafa wa Kiyunani, na sisi wasomaji tunavutwa na fikra zake. Mtoto analalamika, analia, tumbo linamuuma, na msimulizi anaona mtoto huyu ana shida gani. Hadi karibu na ukurasa wa mwisho, kofia ngumu zikiwa zimevuliwa, Chris anasimama kwenye vikanyagio na kumwambia baba kwamba hajawahi kuona juu ya mabega yake. Maelfu ya kilomita, na alichokiona ni mgongo.

Wafuasi wa kitabu hicho walichukua kopo la bia wakauacha mgongo. Mimi pia. Lakini Pirsig hakuuacha. Aliuweka mwishoni ili urudi kusoma safari yote upya. Ndiyo maana kitabu chake kinasimama na makala yangu haisimami. Anaipenda mashine kama sisi, ila anajua kwamba anayeshika usukani anaona barabara na wengine wanaona kisogo chake. Crawford, kwa upande wake, ananisadikisha kuhusu heshima ya kazi ya mikono, lakini kwenye kurasa zake mwenye gari na fundi ni karibu mtu mmoja. Kwetu ni watu wawili, na wa tatu ni yule anayekimbia na viatu mkononi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sikuliweka kwenye makala ya kwanza, na sasa naona lilikuwa kubwa kuliko harufu ya viti. Mama hakuwahi kuiendesha ile 504. Baba hakuwa mtu mbaya. Alisema tu gia ile ya usukani ni ngumu, usukani wenyewe mzito, gari likizima njiani itakuwaje. Yote yalikuwa kweli. Alikuwa muuguzi, anatoka zamu saa moja usiku, na kwa miaka mingi alirudi kwa daladala huku Pijo ikimsubiri baba nyumbani, kwenye mteremko. Alijifunza kuendesha akiwa na miaka 58, baba akiwa ameshafariki, kwenye gari dogo la otomatiki la dada yangu. Usukani unaozungushwa kwa kidole, gari linalowaka kila asubuhi. Vitu vile ambavyo nimezoea kuviita kukosa roho ndivyo vilivyompa ufunguo. Sasa anajiendesha kwenda kliniki, sokoni, misibani. Anawapa watu lifti hadi tunamwonya.

Nauliza tena, basi, kama tunavyouliza riwaya: hadithi hii inampa nani nafasi ya kutenda, na inamwacha nani nyuma? Kwa kila siku, nimekubali, gari la kisasa limeshinda kwa haki, na sifa zake zinastahili mwandishi wake. Kwa Jumapili, gari la zamani lina lake la kutufundisha, hasa kusikiliza, mradi anayeandika amgeukie pia aliye nyuma ya kioo.

504 bado ipo, chini ya mwembe Tanga. Kuna mtu wa Nairobi anaitaka ailikarabati, ametoa bei nzuri. Ndugu zangu wanataka iuzwe. Mimi nilitaka ibaki, niitengeneze polepole. Gari ni la mama, kwa hiyo wiki iliyopita nikaenda kumuuliza. Akasema nikitaka nibaki nayo, hana neno, ila stata ninunue kwanza, kabla ya rangi.

Kabla ya kuichapisha insha hii nilimtumia aisome. Amejibu leo asubuhi. Amesema sasa iko sawa, isipokuwa viatu havikuwa vyekundu. Vilikuwa rangi ya maziwa, na vilikuwa vya kuazima.